Upindo

Mwenye nyumba hakugombana na mtu. Alikuja asubuhi na kufuli lake jipya, akalitia juu ya lile la Fundi, akalivuta mara moja kuhakikisha limekamata, kisha akakaa kwenye kiti cha kinyozi wa jirani akasubiri. Fundi na mkewe walipofika walikuta wateja wawili wametangulia, nguo zao kwapani, macho yao kwenye kufuli. Kufungiwa duka ni aibu. Kufungiwa mbele ya wateja ni kuvuliwa nguo mchana kweupe.

Mke wa Fundi alianza na salamu ndefu, zile za mtu anayetafuta pa kuanzia. Mwenye nyumba akazipokea zote, akauliza hadi hali ya watoto, kisha akasema kwamba yeye si mtu mbaya. Kodi ya fremu ile ya duka haijalipwa tangu mvua zilizopita, na yuko mtu wa kuuza simu anayeitaka hata kesho. Atawavumilia mpaka mwisho wa mwezi unaokuja. Kodi yote, si nusu. Isipopatikana watoe vyerehani vyao, wakashonee barabarani.

Fundi akajibu ndiyo mzee. Akaambiwa tena, akajibu tena ndiyo mzee. Kufuli likafunguliwa, na mwenye nyumba alipokuwa anatia ufunguo mfukoni akakumbuka kwamba suruali yake ya kaki inambana kiunoni.

"Si kazi kubwa, Fundi, ni kuachia kidogo tu," akasema, na suala la bei likapita kimya kimya kama mgeni asiyealikwa.

Fundi aliiachia vizuri suruali ile, akaipiga na pasi. Mkewe aliumia kwa pasi kuliko alivyoumia kwa kufuli.

Tatizo la Fundi ni kwamba hakujua kushona vibaya. Wapo watu wa namna hiyo, na usiwaonee wivu, maana wake zao ndio wanaokwenda kukopa unga dukani. Mtoto akiletwa kupimwa sare ya shule, Fundi hakumpima yule aliyesimama mbele yake. Alimpima yule atakayekuwa. Sketi aliikata ndefu, halafu akaikunja chini kwa ndani upindo wa upana wa kiganja kizima, akaushona kwa mkono, kwa mishono iliyoachana, ili mwakani ufumuliwe bila kuumiza kitambaa. Kwenye mbavu nako aliacha nafasi. Mtoto akirefuka, mama yake anairudisha sketi, Fundi anauachia upindo nusu. Mwaka wa pili yake, anaumalizia.

Kitambaa kilichojificha ndani hakipauki, kwa hiyo kila sketi iliyoachiwa ilibaki na mstari wa rangi mbichi chini yake, na mtaani pale watu walihesabu miaka ya watoto kwa mistari hiyo. Alikuwepo binti aliyefika darasa la nne na sketi aliyoanzia la kwanza. Akipita mbele ya fremu, Fundi humtazama mpaka akate kona.

Kazi ya kuachia aliitoza bei ya soda, au hakuitoza kabisa. Mtoto ni wa kukua, alikuwa akisema, sasa nimtoze kwa sababu amekua? Watu walimsifu sana. Sifa zilijaa tele ndani ya fremu ile. Kodi tu ndiyo ilikosa pa kukaa.

*

Semina ililetwa na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ilifanyikia kwenye darasa la chekechea, kwa hiyo wanawake wazima na miili yao walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wa semina alikuwa kijana mwenye viatu vya ncha na sauti iliyokauka kwa semina za watu wengine. Alisema si kila anayeuza kitu ni mjasiriamali. Kuna mjasiriamali, kuna mchuuzi, na kuna mtu anayejichosha tu. Leo kila mmoja atajijua yuko wapi.

Akaanza kuwapitia. Kila mtu alitakiwa kusema mteja wake wa jana atarudi lini. Muuza maziwa akasema kesho asubuhi. Muuza mkaa akasema keshokutwa, na mvua ikinyesha hata leo. Zamu ya mke wa Fundi ikafika, naye akasimama, kiti kikamng'ang'ania nyuma, akajibu ukweli aliokuwa nao.

"Baada ya miaka mitatu hivi."

Darasa zima likavunjika mbavu. Muuza mkaa akajifuta machozi na kumpiga kofi la mgongoni la kumpa pole. Kijana yule naye angecheka, mambo yangeisha, yakawa utani wa siku mbili tatu. Lakini kijana hakucheka. Alimsogelea na kumwambia kwa upole, kama daktari anayemfikishia mgonjwa majibu yake:

"Mama, hiyo si biashara, hiyo ni sadaka. Sasa jiulize, wewe unayo ya kutoa?"

Mke wa Fundi alikaa, na kwa muda mrefu hakusikia kilichosemwa. Alikuwa anakumbuka kufuli. Sifa za mjasiriamali zilitajwa nyingi siku ile: kuona fursa, kuthubutu, kutokata tamaa, na nyinginezo ambazo kila mtu akiulizwa anasema anazo. Nyingi zilimtoka kabla hajafika nyumbani. Iliyomkaa ni ile ya mwisho, ambayo kijana aliisema huku ameshaanza kukunja waya za vifaa vyake. Mjasiriamali, alisema, ni mtu anayeweza kumwambia hapana mtu anayempenda. Muuza maziwa akauliza mtu atajuaje kama analo jambo hilo.

"Hapa hutajua," kijana akasema. "Siku yenyewe ikifika, utajiona."

Mke wa Fundi alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba hana. Tangu utoto wake aliitwa mtu wa huruma. Kuku wa kuchinjwa alikuwa akimkabidhi jirani, yeye anakimbilia ndani. Kazini alikuwa wa kutia vifungo na kupiga pasi, na ombaomba akisimama mlangoni hakuondoka mikono mitupu. Mtu kama huyo, akajisemea, semina amekwenda kusindikiza wenzake.

*

Shule ya kulipia iliyokuwa juu ya kilima iligombana na mshonaji wake, na mwalimu mkuu akateremka mwenyewe hadi kwenye fremu. Alitaka sketi na mashati ya madarasa yote, yafike shuleni yamefungwa mabunda kwa darasa kabla ya kufungua muhula. Wazazi watanunua palepale ofisini. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kubana, na aliitaja akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, kwa namna iliyoonyesha kwamba mafundi wako wengi.

Fundi alipiga hesabu kichwani. Wakishamlipa muuza vitambaa, wakatoa nyuzi na vifungo, kitakachobaki hakifiki nusu ya kodi. Mkewe naye alikuwa amepiga ya kwake. Aliichukua sketi iliyokuwa mezani, akaigeuza ndani nje, akaulaza ule upindo wa kiganja mbele ya mumewe.

"Kodi yetu hii hapa," akasema. "Kunja kidole kimoja. Kinachobaki kinatoa sketi nyingine."

"Nguo isiyo na upindo ni ya maiti," Fundi akasema. "Maiti ndiye haongezeki."

"Na tukitolewa hapa, hao wanaoongezeka utawashonea wapi?"

Fundi akasema watu wanapeleka watoto shule ile kwa kujinyima, si kwa utajiri. Akasema wanamjua. Mkewe akamwambia kweli wanamjua, tena wanamsifu, na hakuna hata mmoja aliyewatetea siku ya kufuli. Fundi akawa anaichezea chaki. Mwisho akatoa neno lililokuwa limemkaa kooni.

"Mtoto wa dada yumo humo."

Dada yake alikuwa mfagizi wa shule ile. Kwa kuosha vyoo vya watoto wa wenzake alipunguziwa ada ya wa kwake. Mke wa Fundi akasema hilo lisimpe shida, ya mtoto yule wataitenga, wataikata kwa upindo wa zamani. Alisema kwa moyo mmoja. Yule alikuwa wifi yake wa kushibana. Mke wa Fundi alipojifungua kwa upasuaji, wifi ndiye aliyelala sakafuni mwezi mzima akimwogesha.

Katika fremu ile mkasi wa kukatia ulikuwa wa Fundi. Mkewe alishona, alipiga pasi, alitia vifungo, lakini kitambaa kipya kilingoja mkono wa mwenye kazi. Siku ile Fundi hakuushika. Mkewe akangoja, akapangusa meza, akangoja tena. Halafu akapiga moyo konde, akatandaza jora, akachora kwa chaki, na kukata. Fundi alitoka akaenda kwa kinyozi, akakaa kwenye foleni pamoja na upara wake. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtania.

Aliporudi alikuta vipande vimepangwa kwa ukubwa. Akakaa kwenye cherehani, akakanyaga, akaanza kuunga alivyokata mkewe. Siku zote hizo za kazi walizungumza habari za uzi na sindano tu. Ukichunguza utaona kwamba hapo ndipo Fundi alipokufa kama fundi. Lakini alikuwa na watoto wa kulisha, na mtu mwenye watoto hufa huku anafanya kazi.

Mabunda yalibebwa yote na gari kwa safari moja. Gari lilipokwisha kupanda kilima, mke wa Fundi akakumbuka ile sketi ya kutenga. Alimtazama mumewe. Hakujua kama na yeye amekumbuka, wala hakumuuliza.

*

Kodi ililipwa yote. Mwenye nyumba alihesabu, akahesabu tena kwa kulamba kidole, na tangu hapo akawa anamwamkia mke wa Fundi kabla ya mumewe. Suruali nyingine aliileta na pesa mkononi. Shule nayo ikaleta kazi ya masweta, na jina la "mke wa Fundi" likaanza kupotea midomoni mwa watu, wakamwita Madamu. Mara ya kwanza alidhani wanamkejeli. Baadaye akawa anageuka wakimwita.

Watoto wao wakala, wakashiba. Tusiwe wanafiki, hilo si jambo dogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mke wa Fundi alikuwa amezijua pande zote mbili. Alipokuwa anapakua hakuwa tena anaangalia sufuria kwa kuiba ili ajue yeye atabakiwa na nini.

Lakini watoto hukua bila kuomba ruhusa. Haukuisha mwaka, wazazi wakaanza kuteremka kilima na sketi zao. Mpagazi mmoja wa ghalani alikuja na ya binti yake, jasho la mizigo bado mgongoni, akaiweka mezani kwa kujiamini na kuomba iachiwe. Aliigeuza mwenyewe, akatafuta upindo kwa kidole gumba, akazungusha sketi nzima mpaka akarudi alipoanzia. Akamtazama Fundi.

"Kitambaa kilikuwa kifupi, ndugu yangu," Fundi akasema.

Mpagazi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kwa sababu neno la Fundi halikuwa na historia ya kukataliwa. Akanunua mpya kati ya zile za ziada ambazo sasa ziliuzwa hapo kwenye fremu. Baada yake Fundi alikaa na sindano mkononi isiyo na uzi. Alikuwa ameshona miaka yote ile hajawahi kumdanganya mtu kuhusu kitambaa.

Wazazi wa namna hiyo walipoongezeka, Fundi alihamisha cherehani chake kutoka mlangoni kwenye mwanga, akakisogeza nyuma kabisa karibu na ukuta, ambako ilibidi awashe taa mchana. Akasema mbele kuna vumbi. Mkewe ndiye akabaki na wateja, na hao hakuwadanganya. Aliwaambia tu bei ya mpya.

*

Wifi alikuja saa ya vipindi, na mtoto. Walipojitokeza mlangoni mke wa Fundi alijua kabla hajasalimiwa, maana sketi ya mtoto ilikuwa imepanda juu ya magoti, na mtoto alikuwa anaivuta chini kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mjomba," mtoto akasema kuelekea kule nyuma, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia.

Wifi alianza kwa utani, kama walivyozoea. Akauliza kama siku hizi kuna ada ya kuonana na Madamu au watu wa nyumbani wanapita bure. Walicheka wote wawili, mmoja kuliko mwingine. Kisha akaeleza. Asubuhi, wakati yeye anafagia ukumbini, mtoto alitolewa mbele ya mstari na kusimamishwa kama mfano wa mavazi yasiyo na adabu. Mwalimu alitumia rula kupima kutoka gotini. Mama mtu alikuwa palepale, fagio mkononi, na hakuwa na la kusema, kwa sababu hapo ndipo anapopatia ugali wa mtoto. Mtoto amerudishwa, asirudi mpaka avae ya kufika chini ya goti.

"Niachie upindo, wifi, tuwahi kipindi cha mchana," akasema, na kumwambia mtoto asogee.

Mke wa Fundi hakusogea. Wifi akainama mwenyewe, akageuza ncha ya sketi mwilini mwa mtoto. Akaona mkunjo wa kidole. Aliukagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Huyu hakuwa mpagazi. Alikulia nyumba moja na Fundi, na nguo zake za shule alizishona Fundi akiwa bado anajifunza.

"Kaka," akaita bila kuinua kichwa. "Hii umekata wewe?"

Cherehani kule nyuma kikasimama.

Wifi akanyooka, akajifuta mikono kwenye sketi yake ya kazi. Akasema basi, yamekwisha, apewe mpya, na mwisho wa mwezi atalipa bila kusumbuliwa. Kwenye rafu nyuma ya Madamu zilikuwa zimepangwa mpya za kila kipimo, zimekunjwa, zinanukia upya. Fundi alikuwa amesimama sasa, na alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba ambayo kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuyatumia. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Sketi moja. Isingevunja kodi, isingemnyima mtu chakula.

Na kweli mkono wake ulianza kunyooka. Lakini njiani ukapishana na wazo. Wifi anafagia shule nzima. Wafagizi na wapishi wote ni rafiki zake. Kila mmoja ana mtoto pale.

"Wifi," akasema, "nikikupa wewe, kesho mtaa mzima utakuwa wifi zangu."

Wifi alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka. Hakupandisha sauti. Alisema watu wa zamani walisema undugu ni kufaana, ila labda wao hawakuwa na fremu. Akatoa kijipochi kutoka kifuani, akamwaga kila kilichokuwemo juu ya meza.

"Ilikuwa ya dawa ya mguu," akasema. "Lakini mguu hauendi shule."

Zilipungua kidogo. Mke wa Fundi alisema hizo zilizopungua basi. Alisema kwa nia njema, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisamehe vijisenti, hata yeye aliona ingekuwa afadhali angenyamaza. Akashusha sketi ya kipimo kinachofaa. Mtoto akaivalia palepale juu ya ile ya zamani, kisha akaichomoa ya zamani kwa chini. Wifi akaikunja ile fupi na kuiacha mezani.

"Mpe mwenye mwanasesere," akasema.

Wakatoka. Wifi alikuwa anachechemea, jambo ambalo mke wa Fundi hakuligundua wakati anaingia. Fundi akaja kutoka nyuma, akapita mbele ya mkewe bila kumgusa, akawafuata. Alimshika dada yake mkono wakipanda kilima. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, na hakurudi kuiacha.

Mke wa Fundi akabaki amesimama. Alijua sasa huruma itakuja. Alijifahamu yeye ni mtu wa namna gani, kwa hiyo aliweka mikono mezani na kuusubiri uchungu, hata akaomba uje upesi, atoe machozi, amkimbilie wifi yake na kumrudishia pesa zile za dawa mbele ya watu wote. Aliusubiri kwa uaminifu kabisa. Pesa zilikuwa bado zimetapakaa mbele yake.

Kilichokuja ni hesabu. Mtoto yule yuko darasa la tatu. Kama amerefuka kiasi kile, darasa zima limerefuka, na la nne limetangulia. Mwalimu na rula yake hawatamwacha hata mmoja. Na kwenye rafu vipimo vya darasa la tatu vilikuwa vimebaki vichache.

Akaingoja huruma kidogo zaidi, kwa adabu. Halafu akazikusanya pesa, akachukua simu, akampigia muuza vitambaa amwekee majora ya rangi ile kabla shule ya upande wa pili haijayamaliza. Muuza vitambaa akasema hakuna shida, ila angependa Fundi mwenyewe aje akague kitambaa kama kawaida yake, maana Fundi ni mgumu.

"Fundi ameacha," akasema. "Nipe bei."